Hatukuhamishwa, Tulikimbia

Januari 2025, Los Angeles ikiungua, beshte yangu alinitumia video akaandika: "Wenzetu huambiwa wahame mapema." Si wote. Moto wa Eaton ulianza jioni. Watu wa magharibi mwa Altadena wakapata agizo la kuhama baada ya saa tisa usiku. Karibu wote waliouawa na moto huo walikuwa upande huo.

Usiku kama huo naujua. Mtaani kwetu king'ora ni mabati. Jirani aliyapiga ngumi akipayuka, "Moto!" Mathe akatoa mtungi wa gesi kwanza. Mimi nikambeba shosho mgongoni, kakangu akaburuta godoro. Gari la zimamoto lilifika barabarani, likakosa pa kuingilia. Asubuhi mheshimiwa mmoja akaja na unga na blanketi, akatangaza kwamba tulihamishwa salama.

Tulihamishwa na nani? Kuhamisha watu ni kazi. Kuna wa kuonya, wa kuonyesha njia, wa kuhesabu vichwa. Kwetu yote ilifanywa na jirani mmoja, bila mshahara. Kisha mnatusifu eti sisi ni wagumu. Hatukuomba sifa, tuliomba barabara.

Na msiseme haiwezekani. Mei 2024, baada ya mafuriko, waliokaa kando ya mito Nairobi walipewa saa 24 wahame. Onyo lilifika. Matingatinga nayo yakaingia hadi ndani Mathare na Mukuru.

Sasa nielezeni: tingatinga hupitia wapi, mahali ambapo zimamoto haipiti?