Joto la Nakuru Lipimwe Wapi?

Kitanda usichokilalia, walinena wahenga, hujui kunguni wake. Nakuru ilitunukiwa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, na aghalabu mipango yake inapojadiliwa hutajwa barabara, masoko na majitaka. Joto ni nadra kutajwa. Hudhaniwa kwamba mji ulio takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari hauna haja ya kujihangaisha nalo. Joto ni la Marigat na Lodwar. Dhana hiyo ina kasoro.

Kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa huwekwa kivulini, ndani ya kisanduku cheupe kinachopitisha hewa. Ajuza anayeshinda katika chumba cha mabati kisicho na dari huko Kaptembwo au Rhonda hakai kisandukuni. Adhuhuri ya Februari bati humrushia joto kutoka juu, na dirisha ni moja, tena dogo. Utafiti uliofanywa Kibera, Mathare na Mukuru na kuchapishwa mwaka 2017 ulidhihirisha kwamba joto la mitaa hiyo lilizidi lile la kituo rasmi cha Dagoretti kwa nyuzi kadhaa. Nairobi nayo, ikumbukwe, ni mji wa nyanda za juu.

Lugha yenyewe imekwisha kulitambua suala hili. Jotoridi, au halijoto kama wasemavyo Wakenya wengi, ni tarakimu ya kipimajoto; hari ni joto limtoalo mtu jasho; fukuto ni joto la hewa nzito isiyo na upepo. Wataalamu huikaribia maana ya hari kwa kipimo kilichobuniwa kwa ajili ya wanajeshi wa Marekani miaka ya 1950. Asilimia 70 ya kipimo hicho hutokana na kipimajoto kilichovishwa kitambaa chenye maji, asilimia 20 na tufe jeusi linalofyonza mnururisho, na 10 tu na joto la hewa. Mombasa, unyevu ndio adui. Nakuru ya Januari hadi Machi ni kavu, jasho hukauka upesi, na hatari hutoka zaidi kwenye jua na bati. Mpangamiji atakayenakili vigezo vya pwani atampita ajuza huyo bila kumwona.

Tufe hilo, basi, litundikwe vyumbani, si uwanjani pekee. Kisha takwimu za sensa ya 2019 kuhusu mapaa na umri zilinganishwe na vipimo, mtaa kwa mtaa. Jijini Chicago, Julai 1995, joto liliua watu zaidi ya 700, wengi wao wazee walioishi peke yao. Wastani wa joto la jiji usingeweza kuonyesha milango yao.

Yamkini patazuka hoja ya uhaba wa fedha. Hoja hiyo ndiyo inayodai vipimo: Milimani kuna nyua pana na miti ya kivuli, ilhali Kaptembwo vyumba vimebanana. Miche, dari na vituo vya maji vikigawanywa kwa wastani wa jiji zima, sehemu ya fedha hizo chache itaishia penye kivuli tayari.