Fyuzi Ikiungua Inakwambia Kitu

Kharifu ikikaribia, nyumba nyingi za Waswahili hapa Maskati huanza mazungumzo yale yale: nani anakwenda Salalah, magari yatakuwa mangapi, bibi atapanda la nani. Matairi hutazamwa, maji na oili hutazamwa, friji ndogo ya vinywaji hujazwa barafu. Kisha familia inashika njia ya kilomita zipatazo 1,000, kupitia Nizwa, Adam, Haima na Thumrait, mwezi wa saba, jua halina huruma. Kitu kimoja hakitazamwi: umeme wa gari.

Magari yetu mengi ya familia yana umri. Corolla ya miaka 15, Prado iliyokwishapita kilomita laki tatu, Patrol ya marehemu baba ambayo hakuna mtoto anayetaka iuzwe. Mimi si mtu wa kuyadharau magari hayo, yametubeba. Lakini waya nao unazeeka, kama unavyozeeka mpira wa tairi. Ganda lake la plastiki hukaushwa na joto mwaka baada ya mwaka, hupasuka, na shaba ikibaki wazi ikagusa bati la gari, moto hauko mbali.

Nina neno moja tu leo. Fyuzi inayoungua mara kwa mara inatoa taarifa. Kuiziba mdomo, kisha kumkabidhi mwenzio gari hilo bila kumwambia, ni kosa ambalo jamii yetu imelizoea mpaka halionekani tena kuwa kosa.

Tuanze na hesabu, maana mwalimu hata akistaafu haachi. Gawa wati kwa volti, utapata ampea, yaani kiasi cha umeme kinachopita kwenye waya. Balbu ya kawaida ya taa kubwa ya mbele ina wati 60. Betri ni ya volti 12. Basi kila taa inavuta ampea 5, na taa mbili ni 10. Ikiwa zote mbili zinapita kwenye fyuzi moja ya ampea 15, mambo ni salama na nafasi inabaki.

Sasa kijana anataka mwanga mkali wa kumulika ngamia usiku, anatia balbu za wati 100. Kila moja inavuta ampea zaidi ya 8, zote mbili karibu 17. Fyuzi ya 15 haitadumu. Itaungua leo, utabadilisha, itaungua wiki ijayo. Hapo ndipo mtu anapofanya lile jambo: anatia fyuzi ya 30. Taa zinawaka, kila mtu anafurahi. Lakini waya ulio nyuma ya dashibodi haukubadilishwa. Ni ule ule uliopimwa kwa fyuzi ya 15. Siku ukichubuka na kugusa chuma, fyuzi ya 30 itauacha upitishe umeme maradufu kabla haijakata, na waya utawaka ukiwa umelala pembeni ya zulia na sponji ya kiti.

Wengine hawanunui hata hiyo ya 30. Wanazungusha karatasi ya fedha ya sigara, au wanatia kipande cha waya. Hapo hakuna kizuizi tena. Betri ya gari ina uwezo wa kutoa mamia ya ampea kwa mpigo mmoja. Haikurushi kama umeme wa nyumbani, na ndiyo maana watu huidharau, lakini spana ikigusa kichwa chanya cha betri na bati kwa pamoja, utaona chuma kinavyong'ara. Fundi mwenye pete kidoleni anaweza kuunguzwa mpaka kwenye mfupa.

Mwaka juzi mtoto wa dada yangu alifika kutoka nyumbani kuanza kazi. Mtu wa jamii yetu, mtu wa heshima, akamuuzia gari la miaka 14 kwa bei ya kindugu. Baada ya wiki tatu kijana akaniambia, "Mjomba, kuna harufu ya plastiki nikiwasha eisi." Tulipofungua kifuniko cha fyuzi tulikuta mbili za kijani mahali palipoandikwa 15, na ya tatu ilikuwa waya mtupu uliosokotwa. Nilimpigia simu muuzaji. Hakukana. Alisema, "Maalim, mbona mimi nimeliendesha hivyo miaka minne na halijafanya kitu?" Nina hakika alisema kweli. Na ndilo jibu linalonitisha, kwa sababu waya hauhesabu miaka minne iliyopita salama. Ganda lake linazidi kukauka tu.

Mgeni ndiye anayebeba mzigo huu. Hana fundi anayemjua, hana fedha ya kukataa bei ya kindugu, na haoni vizuri kumtilia shaka mtu mzima aliyemkaribisha nyumbani kwake. Katika dini yetu, kuficha aibu ya bidhaa ni udanganyifu, na mnunuzi ana haki ya kuirudisha. Tunalikumbuka hilo kwenye mbuzi na kwenye nyumba. Kwenye gari tunasema, "Chukua hivyo hivyo, mwanangu, Mungu atakuhifadhi."

Sasa dalili, maana dalili ya mvua ni mawingu. Harufu ya plastiki inayoungua ni ya kwanza; usisubiri uone moshi. Swichi au soketi iliyo moto ukiigusa. Taa zinazofifia gari likisimama na kung'aa ukikanyaga mafuta. Injini inayotoa "tik" moja tu ukiwasha: mara nyingi ni vichwa vya betri vilivyolegea au vilivyoota unga mweupe, au ni waya wa athi, ule unaounganisha betri na bodi ya gari, umeoza. Waya huo ukioza, umeme hutafuta njia nyingine ya kurudi kwenye betri, na vifaa visivyohusiana vinaanza vituko: unawasha indiketa, taa ya breki inacheza.

Betri yenyewe katika joto letu haina maisha marefu. Huku Ghuba miaka miwili au mitatu ni ya kawaida, kwa hiyo ikifa baada ya miaka mitatu usimlaumu mwenye duka. Kipimo kidogo cha volti kinanunuliwa kwa riali chache. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima ionyeshe karibu 12.6. Injini ikinguruma, ionyeshe kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Ikibaki chini ya 13, altaneta haichaji sawasawa, na utazimikiwa na gari mahali ambapo hapana hata kivuli. Ikipita 15, betri inapikwa. Ukisikia harufu ya mayai yaliyooza, simama, zima, na usilete kiberiti wala sigara karibu, maana gesi inayotoka hulipuka.

Yako pia mambo ambayo si makosa yetu, ila ni wajibu wetu kuyajua. Oktoba 2012, Toyota iliita magari zaidi ya milioni 7 duniani, miongoni mwao Corolla, Yaris na Camry, kwa sababu ya swichi ya vioo ya mlango wa dereva. Grisi haikupakwa sawasawa kiwandani. Swichi ikawa nzito, na ingeweza kupata moto na kuyeyuka. Kampuni ikaonya watu wasipulizie mafuta ya dukani kulainisha swichi, kwani yangezidisha hatari. Ni jambo gani wengi wetu hufanya swichi ikiwa nzito? Tunapulizia. Na magari ya miaka ile bado yako barabarani, yamepita mikono mitatu, na mwenye nalo sasa huenda hakuwahi kupata barua yoyote.

Wasomaji wa Marekani watakumbuka kisa cha General Motors mwaka 2014. Magari madogo yapatayo milioni 2.6 yaliitwa kwa sababu swichi ya ufunguo ilikuwa dhaifu. Goti likiigusa au rundo la funguo likining'inia zito, ufunguo ungejizungusha wenyewe gari likiwa mwendo. Injini inazima, usukani unakuwa mgumu, na mifuko ya hewa haifunguki. Mfuko wa fidia ulikubali madai ya vifo 124. Swichi ndogo tu. Basi ufunguo wa gari kuukuu usiutwike funguo za nyumba tatu na za dukani. Na taa ya mifuko ya hewa ikibaki inawaka kwenye dashibodi, usiizibe kwa tepu nyeusi. Inakwambia kwamba siku ya ajali mifuko hiyo huenda isifunguke.

Najua nitakayojibiwa. Kwanza, "Gari limepita ukaguzi, mulkiya hii hapa." Ni sawa, lakini mkaguzi huangalia taa zinawaka, breki zinashika, matairi yana meno. Havui dashibodi kutazama waya gani umefungwa tepu. Taa zinazowaka kwa fyuzi ya waya nazo zitapita.

Pili, gharama. Hili nalichukua kwa uzito. Mtu anayetuma fedha nyumbani kila mwezi hana za kuchezea. Lakini fyuzi moja ni baisa tu. Kusafisha vichwa vya betri ni maji ya moto na burashi, fyuzi na ufunguo vikiwa vimetolewa. Kilicho ghali ni kumtafuta fundi wa umeme aliye makini, atakayefuatilia waya mpaka apate palipochubuka, na hapo hata mimi nakubali kwamba saa tatu za fundi mzuri kule Wadi Kabir zinauma. Zinauma kidogo kuliko gari zima. Usimlipe fundi kwa kurudisha taa. Mlipe kwa kukuonyesha kwa nini zilizima. Asipoweza kukuonyesha, kazi haijaisha.

Na wale vijana wanaotaka mwanga zaidi, skrini, kamera, muziki: hakuna aliyekataza. Kifaa kizito kipate waya wake kutoka kwenye betri, kipate rilei, na kipate fyuzi yake karibu kabisa na betri. Kisiunganishwe kwa kuchubua waya wa mtu mwingine chini ya dashibodi. Na lile jagi la kuchemshia chai linalochomekwa kwenye soketi ya kiberiti: wati 150 ni ampea zaidi ya 12. Ukiongeza friji kwenye soketi hiyo hiyo kwa njia ya kigawanyo cha bei rahisi, umeomba moto. Chai itiwe kwenye chupa nyumbani.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. La kwanza ni la kila familia. Kabla ya safari ndefu fungua kifuniko cha fyuzi, cha ndani na cha chini ya boneti, ulinganishe kilichoandikwa na kilichomo. Kwa fyuzi za kawaida za miguu miwili, nyekundu ni 10, buluu 15, njano 20, kijani 30. Mtoto wa darasa la sita anaweza kazi hii. Hakikisha milango ya nyuma inafunguka kutoka ndani pale isipofungwa kwa ajili ya watoto, na wewe mwenyewe ujue ile ya watoto iko wapi, kwa kuwa umeme ukifa vioo havishuki. Weka nyundo ndogo ya kuvunjia kioo mahali dereva anapofikia; pigeni kioo cha mlangoni, pembeni yake, cha mbele hakivunjiki kirahisi. Ukiona moshi: simama kando, zima, toa watu wote, sogeeni mbali, piga 9999 hapa Oman. Usifungue boneti kwa ghafla. Moto unangoja hewa. Na hakuna anayerudi kuchukua pasipoti.

La pili ni la jamii. Kila gari linalouzwa au kupewa mtu baina yetu liandamane na karatasi moja, kwa mkono, kwa Kiswahili: fyuzi gani iliwahi kuungua, nini kilifanywa, taa gani ya dashibodi inawaka, nini kiliongezwa na nani. Vikundi vyetu vya simu ambavyo kila siku hutangaza magari vianze kudai karatasi hiyo kabla ya tangazo kupita. Mwenye gari zuri hatapoteza kitu. Mwenye gari lenye kasoro atapunguza bei, na hiyo ndiyo bei yake ya haki.

Ijumaa hii baada ya chakula cha mchana, kabla hamjalala, chukueni tochi mkalifungue gari. Mkikuta waya mahali pa fyuzi, gari lisitoke tena mpaka fundi alione. Na kama gari hilo mlimuuzia mtu mwaka jana, nambari yake ya simu mnayo.