Uza Mpunga, Usiuze Jaruba: Je, Chuo Kikuu Ndiyo Njia ya Kila Kijana?



Kila mwaka, Baraza la Mitihani linapotangaza matokeo ya kidato cha sita, swali moja huingia katika nyumba nyingi za Ifakara, Mang'ula, Mlimba na Lupiro: je, mtoto huyu aende chuo kikuu? Kwa kweli mara nyingi swali hili halijadiliwi. Hujibiwa tu. Jibu huwa ni ndiyo, na kinachobaki ni kutafuta ada. Hapo ndipo ekari mbili za mpunga, zilizoilisha nyumba kwa miaka mingi, zinapoanza kutafutiwa mnunuzi.

Huenda mtu akauliza, jambo hili la kifamilia linaihusu nini Tume ya Haki na Amani? Linaihusu kwa sababu ada ya mtoto mmoja hutoka katika riziki ya watu wengi. Hutoka kwa mama aliyepalilia shamba lile, kwa wadogo ambao bado wako shule ya msingi, na mara nyingi kwa dada aliyeambiwa asubiri kwanza kaka amalize. Pale ambapo mmoja anapata na watano wanalipa bila kuulizwa, hilo ni suala la haki.

Tumeitoa wapi heshima hii?

Yafaa tukumbuke historia yetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961 kikiwa na kitivo cha sheria peke yake, wanafunzi wake hawakufikia 20. Nchi changa ilihitaji watumishi haraka, na aliyehitimu alipokelewa na Serikali mara moja. Wazee wetu waliliona hilo kwa macho yao, wakajifunza kuwa shahada ni kazi, na kazi ni mshahara. Hawakukosea; kwa wakati wao ndivyo ilivyokuwa.

Hata hivyo, swali la nani aende chuo kikuu, lini, na kwa manufaa ya nani, halikuanza leo. Mwalimu Nyerere aliliuliza mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea, akionya juu ya elimu inayowafanya vijana waone aibu kurudi vijijini kwao. Nalo Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Utaratibu huo uliachwa baadaye, lakini swali lenyewe lingali hai.

Leo hali imebadilika. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilipotangaza nafasi 1,596 za kazi, waombaji walizidi 130,000. Wengi wao walikuwa wahitimu wenye vyeti halali, na nyuma ya kila cheti palikuwa na familia iliyojinyima. Shahada imebaki kuwa kitu chema, ila si ahadi ya kazi tena. Mzazi anayeuza shamba leo kwa hesabu za mwaka 1970 anamtendea mtoto wake isivyo haki, ingawa anafanya hivyo kwa upendo.

Tusieleweke vibaya

Sisemi kwamba mtoto wa mkulima asiende chuo kikuu. Maneno hayo yamekwisha kutumiwa mno kuwazuia maskini, na hasa wasichana. Mji wetu wa Ifakara ni shahidi wa manufaa ya elimu ya juu. Mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy kutoka Uswisi alianzisha hapa maabara ndogo ya utafiti wa magonjwa, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, inayojulikana duniani kwa utafiti wa malaria. Mwaka 2010 kilianzishwa hapa hapa chuo kikuu kishiriki cha afya cha Mtakatifu Fransisko, kinachofundisha madaktari. Hakuna aliyepata kuwa daktari kwa kujifunzia kazi gereji. Hata mbegu ya SARO 5, ambayo wakulima wa bonde hili wanaifahamu vizuri, ni kazi ya watafiti waliosoma kwa miaka mingi.

Basi kijana aliyefaulu, anayeipenda fani yake, na ambaye fani hiyo haipatikani pengine ila chuo kikuu, huyo aende, awe mvulana au msichana. Parokia imsaidie kwa kadiri inavyoweza.

Lakini historia hiyo hiyo ya Ifakara ina upande wa pili, ambao tunausahau. Mwaka 1961 kilifunguliwa hapa kituo cha kufundishia watumishi wa afya wa vijijini. Hawa hawakuwa na shahada, nao walikwenda kwenye zahanati ambako daktari hakupatikana. Mpaka leo hospitali haiendeshwi na madaktari peke yao. Inahitaji muuguzi, tabibu, mtaalamu wa maabara, na fundi wa umeme wa kuhakikisha taa ya chumba cha upasuaji haizimiki. Vivyo hivyo kiwanda cha sukari cha Kilombero, mitambo ya umeme ya Kidatu, na reli ya TAZARA inayopita katika bonde letu: vyote hivyo vinasimama juu ya mikono ya mafundi. Sheria ya mwaka 1994 ndiyo iliyounda VETA ili mafundi hao waandaliwe, na chuo chake cha Mikumi kiko njiani tunapokwenda Morogoro. Kwa nini basi tunampongeza kwa sherehe mtoto anayekwenda chuo kikuu, na aliyekwenda VETA tunamwombea radhi kana kwamba ameanguka?

Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake juu ya kazi ya binadamu wa mwaka 1981, alifundisha kwamba thamani ya kazi hutokana kwanza na mtu anayeifanya, si na aina ya kazi yenyewe. Tukiliamini fundisho hilo kanisani, tuliamini pia tunapopokea matokeo ya mitihani nyumbani.

Aidha, njia hizi hazifungani. Aliyesoma stashahada na kufaulu vizuri anaweza kuomba shahada baadaye, akiwa tayari na kazi ya kumsaidia kujilipia. Anayetangulia na stashahada hajaacha safari. Amechagua kupanda kwa ngazi.

Hesabu ya gharama

Injili inatufundisha kuwa anayetaka kujenga mnara huketi kwanza na kuhesabu. Nasi tuhesabu.

Kuna mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi imeanza kukopesha pia wanafunzi wa stashahada katika baadhi ya fani. Lakini si kila mwombaji anapata, na anayepata huenda asipate kiasi chote. Tena mkopo ni deni: aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka amalize. Kijana ayajue hayo kabla ya kutia sahihi.

Penye pengo, familia nyingi huuza ardhi. Hapa naomba tutofautishe mambo mawili. Anayeuza mpunga ameuza jasho la msimu mmoja, na msimu ujao atalima tena. Anayeuza jaruba ameuza misimu yote ijayo, ya kwake na ya wajukuu wake. Ardhi ya bonde hili haiongezeki. Wakulima na wafugaji wanaigombea, mashamba makubwa yanaihitaji, na mwaka 2023 Pori Tengefu la Kilombero lilipandishwa hadhi kuwa pori la akiba. Aliyeuza leo asitegemee kununua kesho. Tena shamba si la baba peke yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Mzazi anayeuza bila kumshirikisha mkewe na watoto wake wa kike anasomesha mmoja kwa mali ya wengine.

Yatupasayo kufanya

Napendekeza kwamba kila jumuiya ndogo ndogo, matokeo yanapotoka, iwaalike wazazi na kijana wao kuzungumza, na katika mazungumzo hayo yaulizwe mambo manne.

Kwanza, kijana mwenyewe anataka kazi gani? Aulizwe yeye, wala asijibiwe na mjomba. Pili, je, kazi hiyo inahitaji shahada, au stashahada na ufundi vyatosha? Tatu, chuo kinachotajwa kinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, au na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi? Si kila penye bango la chuo pana chuo. Nne, nani atalipa, kwa mali gani, na je, wote wanaolipa wamekubali?

Walimu na wauguzi waliomo katika jumuiya zetu wana maarifa ya kuwasaidia wasiojua taratibu za maombi na za mikopo. Wasisubiri kuombwa. Na pale familia itakapobaki na njia moja tu, yaani kuuza shamba linaloilisha, wanajumuiya wawe na ujasiri wa kusema: subirini mwaka mmoja, tutafute njia nyingine pamoja. Mwaka mmoja wa kusubiri haumharibii kijana maisha. Shamba likishauzwa halirudi, na watakaolala njaa kwa ajili yake ni wale ambao hawakuitwa kwenye kikao.