Miguu Baridi au Moyo Baridi? Maoni kuhusu Tafsiri ya Nahau za Woga

Kuna nahau ya Kiingereza isemayo kwamba mtu "amepata miguu baridi", yaani ameishiwa ujasiri wa kutenda jambo alilokwisha kulikubali. Wako wafasiri wanaoihamisha neno kwa neno, kwa hoja kwamba lugha hukua kwa kuazima. Hoja hiyo inafaa kwa istilahi. Kwa nahau, sharti ipimwe.

Asili ya nahau hiyo ina mjadala. Katika riwaya ya Mjerumani Fritz Reuter ya miaka ya 1860, mcheza karata anasingizia baridi ya miguu ili aondoke mezani na fedha alizoshinda. Katika Kiingereza, maana ya woga inajitokeza katika toleo la 1896 la riwaya ya Stephen Crane, *Maggie*. Kwa vyovyote vile, ni taswira iliyokomaa katika nchi za theluji.

Taswira hiyo ikipelekwa katika Milima ya Pare inapoteza maana. Alfajiri ya mwezi Julai, mkazi wa Chome, chini ya kilele cha Shengena, hupata miguu baridi kila siku, naye huenda shambani bila woga wowote. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliteremka hadi Same, makao makuu ya wilaya, kupinga kodi ya mbiru. Tuseme mmoja wao angegeuka nyuma akiwa mteremkoni. Kumwambia msomaji kwamba mtu huyo "alipata miguu baridi" kungekuwa kichekesho, kwani kila hatua ya kuelekea tambarare ya Same huongeza joto. Miguu yake ingepoa kwa kurudi nyumbani tu.

Kiswahili hakina upungufu hapa. Mtu huyo *aliingia baridi*, au *alinywea*. Haifai kusema *alivunjika moyo*, kwa sababu kuvunjika moyo aghalabu hufuata jaribio lililoshindwa, naye hakuwa amejaribu. *Kukata tamaa* ni kupoteza tumaini, si ujasiri. *Kufyata mkia* kuna dharau, na humfaa aliyejigamba kwanza. *Kuingia mitini* hutaja kutoroka kwenyewe, bila kueleza hofu iliyokusababisha. Yafaa kuzingatiwa kwamba hata Kiswahili huunganisha woga na baridi; ila baridi hiyo humwingia mtu moyoni, haiishii nyayoni.

Tofauti hizi si urembo. Katika ushahidi wa mahakamani, aliyeogopa kabla ya kutenda na aliyekata tamaa baada ya kushindwa ni watu wawili tofauti, na mfasiri akiwachanganya huenda haki ikapotea. Kwa hiyo, ufundishaji wa tafsiri uanze na swali la nini kilimpata mtu, na lini, kabla ya kuuliza neno lipi latumika. Waliopiga kambi Same hawakuingia baridi, na kodi ile hatimaye iliachwa. Habari yao yastahili kusimuliwa kwa nahau ambazo wao wenyewe wangezielewa.