Msingoje Seneta wa Damu Yenu

Ndugu zetu waliohamia Marekani kutoka Mombasa, Dar es Salaam, Bukavu na Bujumbura wamezoea kuambiana kwamba mambo yao yatanyooka siku mmoja wao atakapoketi katika Seneti. Matumaini hayo nayapinga, na mashahidi wangu ni watu ambao wengi wetu hatuna habari zao: Wamarekani wenye asili ya Lithuania.

Lithuania ni nchi ndogo kando ya Bahari ya Baltiki; watu wake hawafiki milioni tatu. Wamarekani wanaotaja asili hiyo ni kama laki sita na ushee, kiasi cha mmoja katika kila mia tano. Babu zao walikimbia umaskini na utawala wa mfalme wa Urusi, ambaye kuanzia 1864 hadi 1904 alipiga marufuku vitabu vya lugha yao vilivyochapwa kwa herufi za Kilatini, hata kitabu cha sala kikawa bidhaa ya magendo. Walipofika Marekani wakapewa kazi walizozikwepa wenyeji: kuchimba makaa ya mawe Pennsylvania, kuchinja na kukata nyama Chicago. Upton Sinclair alipotaka mwaka 1906 kuonyesha dhiki ya machinjio yale, mhusika mkuu wa riwaya yake alimfanya Mlithuania. Mwaka 1924 sheria mpya ya uhamiaji ikaufunga mlango, nchi nzima ikabakiziwa nafasi 344 kwa mwaka.

Mmoja wa waliowahi kabla mlango haujafungwa alikuwa Ona Kutkaitė, mzaliwa wa Jurbarkas, aliyefika mwaka 1911 akiwa mtoto wa miaka miwili. Mwanawe ni Dick Durbin, aliyeingia Baraza la Wawakilishi kwa uchaguzi wa 1982, akaingia Seneti kwa uchaguzi wa 1996, na tangu 2005 akawa mnadhimu wa maseneta wa Democrat. Cheti cha uraia cha mama yake amekitundika ofisini. Lakini jina alilobeba ni la baba, mtu wa asili ya Ireland, na mpiga kura wa Illinois hakuiona Lithuania popote katika karatasi ya kura. Tena jambo kubwa linalohusishwa na jina lake ni muswada alioupeleka mwaka 2001, yeye na Orrin Hatch wa Republican, wa kuwapa haki ya kuishi vijana walioingizwa nchini utotoni bila hati. Muswada huo uliwahusu vijana kutoka kila pembe ya dunia. Haujawa sheria hadi leo.

Na kiti alichokiacha katika Baraza la Wawakilishi kilichukuliwa na nani? John Shimkus, naye wa asili ya Lithuania, ila ni Republican, na aliwahi kushindwa na Durbin huyo huyo mwaka 1992. Vyama viliwatenga katika mengi. Ilipofika habari ya nchi za Baltiki, walisimama upande mmoja. Inapendeza kuitaja, lakini si wao walioiokoa Lithuania. Kazi hiyo ilianza kabla hawajazaliwa.

Juni 1940 majeshi ya Kisovieti yaliingia Lithuania na nchi ikamezwa. Tarehe 23 Julai serikali ya Marekani ikatangaza kwamba haitautambua unyakuzi wa nchi za Baltiki. Mwaka huo huo Walithuania wa Marekani, waliokuwa wamegawanyika Wakatoliki huku, wazalendo kule na wasoshalisti pembeni, wakirushiana maneno magazetini, waliunda baraza moja, na Oktoba wajumbe wake wakaenda kuonana na Rais Roosevelt. Hawakuacha magomvi yao. Yaliendelea kwa miaka. Walichokubaliana ni dai moja tu: msimamo ule wa Julai usilegezwe. Kwa nusu karne ofisi ya ubalozi wa Lithuania ilibaki wazi mjini Washington, ubalozi wa nchi iliyofutwa kwenye ramani nyingi.

Novemba 1970 baharia Simas Kudirka aliruka kutoka meli ya Kisovieti hadi meli ya walinzi wa pwani wa Marekani, karibu na kisiwa cha Martha's Vineyard. Wamarekani wakawaruhusu Wasovieti kuja kumpiga na kumchukua. Wahamiaji waliandamana, wakaandika barua, wakachimbua kumbukumbu, hata ikabainika kwamba mama wa baharia yule alizaliwa Brooklyn. Mwaka 1974 Kudirka alitoka gerezani, akaja Marekani. Mwaka uliofuata, Rais Ford alipokuwa akienda Helsinki kutia saini mapatano na Moscow, ilimbidi kwanza awaite raia wenye asili ya Ulaya Mashariki na kuwahakikishia kwamba msimamo kuhusu Baltiki haujabadilika. Ford hakuwa na tone la damu ya Lithuania. Alikuwa na uchaguzi mbele yake.

Nasikia mtu akinong'ona: wale walikuwa weupe, na Marekani ilikuwa na ugomvi wake na Moscow. Kweli tupu, na asiyeikubali anajidanganya. Mweupe aliyedharauliwa machinjioni aliweza kumlea mjukuu asiyetofautishwa na jirani yake, na njia hiyo haikuwa wazi kwa mtu mweusi. Hata hivyo ugomvi na Moscow peke yake haukutosha. Australia, rafiki wa Marekani, ilikubali mwaka 1974 kwamba Baltiki ni mali ya Wasovieti, ikaja kujirudi mwaka 1975. Serikali huchoka, wanaoikumbusha ni raia wenye kura.

Sisi tulikwisha kuwa na mtu wetu. Ni Durbin aliyemkaribisha Barack Obama jukwaani Boston, katika mkutano mkuu wa Democrat wa mwaka 2004, na miaka minne baadaye mwana wa mtu wa Kogelo akachaguliwa kuwa rais. Kenya nzima ilicheza. Obama akiwa rais alitua Dar es Salaam mwaka 2013, na Nairobi ikamsubiri hadi 2015. Simlaumu hata kidogo, maana aliyemwajiri ni mpiga kura wa Marekani, kama ilivyo leo kwa Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, aliyechaguliwa mwaka 2024 kuingia bunge la jimbo la Minnesota. Atawatumikia wa wilaya yake, na ndivyo inavyopasa.

Ninaowalaumu ni wale waliokula kiapo cha uraia miaka mingi iliyopita na hawajawahi kupiga kura hata moja. Usiku kucha wanabishana kuhusu uchaguzi wa nyumbani, na jina la mbunge wa mtaa wanamolala hawalijui. Vyama vyao vya kuzikana ni imara, vinasafirisha maiti hadi Kisumu na Moshi bila kuchelewa. Vyama hivyo hivyo vishindwe kweli kuandaa barua mia mbili kwa mbunge mmoja?

Basi kajiandikishe wiki hii, ukamwandikishe na mkeo au mumeo. Kisha mwandikie mbunge uliye naye sasa, awe wa asili ya Norway, Ireland au Lithuania, barua yenye dai moja tu, na jirani yako aandike dai lilo hilo. Asipojibu, mwandikieni tena.