Mwenye Gari na Ainame

Juma hili twataka kusema juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo: tone la maji linaloanguka chini ya gari. Twalisema kutoka hapa Gungu, ambako si ajabu kumwona dereva amesimama kando ya barabara, boneti imefunuliwa, mvuke unapanda, na utingo wake anakimbia na dumu kwenda kuomba maji nyumba ya jirani. Watu hupita wakacheka, wakasema, "Gari limechemsha." Kisha husahau. Sisi twasema hili si jambo la kuchekwa.

Gari katika mkoa wetu si pambo. Ndilo linalopeleka migebuka sokoni kabla haijaharibika, ndilo linaloshusha mawese kutoka vijijini, ndilo linalomkimbiza mzazi hospitali usiku wa manane. Mtu aliyekusanya akiba ya miaka mingi akanunua Hiace au Noah iliyokwisha tumika Japani, ameweka ndani yake ada za watoto na chakula cha nyumba. Injini ikiungua, akiba yote imeungua. Na mara nyingi ugonjwa ulioiua ulianza kwa tone moja ambalo hakuna aliyeinama kulitazama.

Kwanza tuelewane namna chombo hiki kinavyofanya kazi. Injini huchoma mafuta, na moto huo hauna budi kuondolewa. Maji yenye dawa, yaani kulanti, huzungushwa na pampu ndani ya injini, yakachukua joto, yakaenda kwenye rejeta kupoozwa na upepo, kisha yakarudi. Hapa kwetu, kwa kuwa ziwa lenyewe liko karibu mita 770 juu ya bahari, maji yaliyo wazi huchemka kabla hata ya kufika digrii 100. Lakini kifuniko cha rejeta kina springi na mpira unaozuia hewa isitoke, na kwa mgandamizo huo maji huweza kupita digrii 115 bila kuchemka. Basi mwone ndugu: pakiwa na tundu dogo tu, si maji peke yake yanayopotea, bali na mgandamizo. Ndiyo sababu gari hutembea vizuri Mwanga na Ujiji, kisha likapanda vilima vya kwenda Kasulu likachemsha.

Yalitupata sisi wenyewe. Pikapu yetu ya kazi ilikuwa ikipungua maji kila siku, nasi kila asubuhi tulikuwa tukiongeza, kama mtu anayejaza mtungi uliopasuka. Fundi mmoja alitazama kwa dakika mbili akatoa hukumu: nunueni rejeta mpya, na thamostati nayo itolewe itupwe. Fedha aliyoitaja ilitushtua. Tukarudi nyumbani tukaamua kuinama.

Jioni gari likiwa limesimama mahali tambarare, tulitandika boksi jeupe lililokunjuliwa chini ya injini. Asubuhi tukakuta madoa ya kijani upande mmoja, yakiteleza kidoleni na kunukia utamu. Hayo hayakuwa maji ya kipoza hewa, maana maji ya kipoza hewa hayana rangi wala harufu. Tukafuata njia ya doa kwa tochi kutoka chini kwenda juu, tukafika kwenye mpira wa chini wa rejeta. Ncha yake ilikuwa imekakamaa, na klipu imeliwa na kutu. Tukakinga beseni, tukamwaga maji, tukatia mpira mpya na klipu mpya. Tukadhani tumemaliza. Siku ya tatu geji ikapanda tena. Safari hii kosa lilikuwa kifuniko: mpira wake wa ndani ulikuwa umepasuka. Tukanunua kingine chenye namba ile ile ya mgandamizo. Gari likapona. Gharama yote haikufika sehemu ya kumi ya ile rejeta.

Kwa hiyo twawashauri wenye magari wafuate utaratibu huu. Injini ikiwa baridi, tazama kipimo cha maji katika chupa ya akiba, ukitie alama. Kagua mipira yote kwa kuibonyeza: iliyovimba, iliyolainika kama uji au iliyokakamaa, ibadilishwe. Tafuta ukoko mweupe au wa kijani penye klipu na pale ambapo plastiki ya rejeta imebanwa na bati. Ukoko huo ni nyayo za mwizi. Chungulia pampu ya maji, maana ina kitundu kidogo chini, na kikianza kutoa maji ujue pampu imechoka. Usipoona kitu, azima gerejini pampu ya mkono yenye geji, uifunge mahali pa kifuniko, upandishe mgandamizo ulioandikwa juu ya kifuniko hicho, usizidishe. Mshale ukishuka, kuna mahali panapovuja. Zulia la ndani likilowa, au kioo kikifunga ukungu wenye harufu tamu, kagua kijirejeta cha joto nyuma ya deshibodi.

Yako mambo matatu ya kutahadhari. La kwanza, usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Maji yataruka na kukubabua uso. Ngoja ipoe kabisa. La pili, usimimine maji baridi katika injini iliyochemsha, maana chuma cha moto kikipata baridi ya ghafula hujikunja au kupasuka. La tatu, kulanti ni sumu, na nyingi zina utamu unaomvutia mtoto, mbwa na paka. Usiiache katika beseni uani, wala usiimwage mtaroni. Mtaro wa Gungu mvua ikinyesha hutelemka, na maji yanayotelemka hapa mwisho wake ni Tanganyika, ziwa tunalokunywa na kuvua. Itie katika dumu lenye kifuniko, uliandike, kisha uliza gerejini linapokusanywa.

Sasa twageukia maneno yanayowapotosha watu. Wako wasemao kulanti ni dawa ya nchi za baridi, sisi yatutosha maji ya bomba. Si kweli. Kuzuia barafu ni kazi yake moja tu. Kazi nyingine ni kuzuia kutu, kulinda alumini ya rejeta na kupandisha kiwango cha kuchemka. Maji matupu huleta kutu na magaga, na hayo huziba mishipa ya rejeta kidogo kidogo. Ukipungukiwa safarini, tia maji ufike nyumbani. Lakini ukifika, rudisha kulanti, nusu kwa nusu na maji safi, kisha uiache injini izunguke ili hewa iliyonaswa ndani itoke.

Wako tena wasemao thamostati haifai Afrika. Hili nalo ni upotovu. Mlango huo mdogo hufunguka maji yafikapo kama digrii 82 hadi 90, ili injini ipate joto lake upesi na kukaa nalo. Ukiutoa, injini hufanya kazi ikiwa baridi, hula mafuta mengi na kuchakaa mapema. Na katika baadhi ya injini maji hupita njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta, gari likazidi kuchemsha. Mlango mbovu hubadilishwa, hautupwi. Ati mlango wa nyumba yako ukigoma, utaishi bila mlango?

Hatusemi kwamba mafundi hawana kazi. Mapovu yakitokea katika rejeta injini ikiunguruma, moshi mweupe wenye harufu tamu ukitoka nyuma, au oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, hapo gasketi ya silinda hedi au hedi yenyewe ina shaka. Zima gari, ulivute kwa fundi mwenye vyombo. Fundi wa kweli hupima kwanza, kisha husema. Mwenye gari aliyekwisha inama mwenyewe atamheshimu fundi huyo, wala hatadanganywa na yule wa dakika mbili.

Tunayo shule yetu hapa hapa bandarini. Meli ya Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isitekwe, lakini mafundi wake waliipaka injini grisi nzito kabla ya kuizamisha. Ilitolewa majini mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Injini iliyotunzwa ilivumilia miaka chini ya ziwa. Yako, ndugu, iko uani kwako, na boksi moja tu ndilo linalotakiwa jioni hii. Mtaka cha mvunguni, sharti ainame.