Kishikwambi cha Dola 50: Fadhila na Kasoro Zake

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako tukufu nitoe rai yangu juu ya kishikwambi cha Fire, ambacho kampuni ya Amazon ilikileta sokoni huku Marekani mwaka 2015 kwa thamani ya dola 50 tu, ilhali vingi vya jamii yake vikiuzwa kwa mamia.

Fadhila yake, licha ya urahisi wa bei, ni kwamba kioo chake cha inchi 7 chamtosha msomaji wa vitabu, na ijapokuwa hazina yake ya ndani ni gigabaiti 8, kina tundu la kadi ya kumbukumbu ya hadi gigabaiti 128.

Lakini insafu yanilazimu kutaja kasoro: kioo hicho cha pikseli 1024 kwa 600 hakizidhihirishi barabara herufi ndogo, duka la programu la Google halimo, na matangazo ya biashara yalitokea kila kilipoamshwa, ila mnunuzi alipoongeza dola 15.

Nasaha yangu, basi, ni kwamba mzazi atakaye kumpa mwanawe maktaba ya mkononi asisite kukinunua akikipata. Bali mwenye haja ya chombo cha kazi nzito na astahimili, adundulize.

Wako mtiifu,
Msomaji,
Minneapolis